Vidonge vya Ubongo

Ubishi wangu naujua. Nafundisha baiolojia sekondari moja ya Handeni, na mtu akinieleza jambo la mwili wa binadamu namsikiliza nusu, nusu nyingine namsahihisha kimoyomoyo. Ndivyo nilivyomsikiliza daktari wa Korogwe siku baba yangu aliporuhusiwa kutoka hospitali.

Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mdomo ulikwenda kombo, mkono ukawa mzito, lakini maneno hayakumpotea. Aliongea polepole, na bado alinitania: "Mwalimu, leo ndiyo mara ya kwanza unangoja nimalize sentensi."

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba magnesiamu inalinda ubongo baada ya kiharusi. Daktari alisema imejaribiwa kwa wagonjwa, na haikuleta kilichotarajiwa. Kama nataka kumpa, figo zipimwe kwanza, ila dawa ya presha asiiache. "Hata siku moja, mwalimu," alirudia. Mimi nilibaki na lile neno "kumpa". Figo zilipimwa, zikaonekana nzima, nikanunua chupa.

Nyumbani Mazinde nilimkabidhi mama ile chupa mbele ya majirani waliokuja kutupa pole. "Hii ndiyo inayolinda ubongo," nilisema, kwa sauti yangu ya darasani. Vidonge vya presha sikuvitaja kabisa. Niliona kwamba hivyo kila mtu anavijua. Kesho yake nilirudi Handeni nimeridhika na nafsi yangu.

Kwetu dawa huombwa kama chumvi. Babu zetu walikuja kukata mkonge kutoka mbali, kambini hawakuwa na ndugu ila jirani, na mpaka leo mwenye vidonge humgawia aliyeishiwa. Mama mmoja wa nyumba ya pili, mgonjwa wa presha wa siku nyingi, aliishiwa vyake. Mama yangu akampa vya baba, vyote. Baba si alikuwa na chupa ya ubongo, tena kaletewa na mwalimu?

Wiki ya tatu mama alinipigia simu: kiharusi kimempiga baba tena. Nilipanda gari mpaka Segera, nikabadilisha, nikaenda moja kwa moja hospitali Korogwe. Baba alikuwa macho.

"Shikamoo baba."

Mdomo ulichezacheza, ikatoka "aa", basi.

Daktari yuleyule aliuliza habari ya dawa ya presha. Mama alimweleza bila kuficha, tena kwa fahari kidogo, jinsi alivyomsaidia jirani. Daktari hakumgombeza. Alinitazama mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, halafu nikashikwa na hasira, na hasira yote nilitaka kumtupia mama.

Sasa baba yuko nyumbani na dawa yake ya presha anapewa kila siku. Yule jirani huja asubuhi kumsaidia mama kumgeuza kitandani. Ana nguvu, presha yake imetulia. "Mama yako aliniokoa," huniambia, na mimi humkaribisha chai.

Jumamosi moja mama alinionyesha chupa. "Hii ya ubongo inakaribia kwisha. Utaleta nyingine lini?"

Nilimwambia haihitajiki. Nilimwambia iliyokuwa inamlinda baba ni ile ya presha, kwamba niliambiwa waziwazi na sikumfikishia, na kwamba kosa ni langu. Mama aliigeuzageuza chupa mkononi.

"Ulisema hii ndiyo inayolinda ubongo."

"Nilisema, mama."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

Aliirudisha chupa kabatini, akaenda kuangalia maharage jikoni. Hajaligusia tena jambo hilo, wala hajamwambia jirani.

Mimi huenda kila Jumamosi. Namwamkia baba, navuta kiti karibu na kitanda, nakaa.

"Aa," anasema, akinitazama.

Nangoja amalize.