Olopololi Bila Fensi

Kwetu Bisil, olopololi ni malisho ya karibu na boma yanayofungwa mvua ikinyesha, ili kiangazi kikija ndama na ng'ombe wagonjwa wapate cha kula. Hayana ua. Wazee wakishasema yamefungwa, yamefungwa, na hata jirani aliyekosana na baba alipitisha mifugo wake mbali.

Hilo ndilo nililotaka kufundisha katika chuo kikuu chetu hapa Kitengela, tena kama sayansi ya malisho, si kama hadithi za kufurahisha watalii. Nilitaka baba aje darasani alieleze mwenyewe. Kamati ya mitaala ilinizungusha miaka nenda miaka rudi. Walitaka vitabu, na vitabu walivyovitambua ni vya tangu ukoloni, vinavyosema mfugaji kazi yake ni kumaliza nyasi. Kuhusu baba, waliuliza ana shahada gani.

Huku sisi tukibishana, ardhi ya kwetu, iliyokuwa ya jamii nzima, iligawanywa kila mtu na kipande chake. Jirani mmoja akaweka waya, mwingine akauza ploti, na ng'ombe waliobaki wakabanwa mpaka wakaingia kwenye nyasi za ndama. Hatimaye somo likapitishwa. Nilimpigia baba simu kwa furaha, nikamwambia nitawaleta wanafunzi wajionee.

"Wakuje kuona nini?" akaniuliza. "Hiyo nyasi ilikuwa inalindwa na watu. Hao watu wako wapi?"

Chuoni pia alikataa kuja. Alisema hawezi kusimama mbele ya watoto akisifu kitu kilichomshinda kulinda. Sikumlaumu, ila nililia.

Basi nikafundisha peke yangu, kwa picha ukutani. Kwenye mtihani niliwaambia wachore olopololi. Wakachora fensi, karatasi baada ya karatasi. Nilitegemea ya binti mmoja wa Bisil, ambaye mama yake nilichunga naye mbuzi. Alikuwa amechora vizuri kuliko wenzake wote: boma, ndama, nyasi, na waya kuzunguka kote, pamoja na geti na kufuli.

Nilimwita ofisini nikamuuliza fensi ameitoa wapi, maana darasani sikuitaja hata siku moja.

"Lakini madam," akasema, "kama haina fensi, si watu wataingia tu?"

Majibu yote niliyokuwa nayo niliyaandaa kwa ajili ya kamati. Nikamwambia ni sawa, aende.