Mpishi wa Langar Hula Mwisho

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, manyunyu yalianguka kutwa nzima. Mjane wa Kalasinga alisimama mbele ya mgahawa wao akishikilia ngazi, na binti yake alikuwa juu na bisibisi, anafungua kibao.

Kibao kiliandikwa "Langar", jina la jiko la hekalu la Makalasinga, ambako kila mwenye njaa huketi sakafuni mstari mmoja na wenzake akala bure. Marehemu alilelewa humo, akatoka na desturi moja: mpishi hula baada ya mgeni wa mwisho. Alikuwa na kisukari, na daktari alimwonya ale kwa wakati. Mwezi uliopita, wateja wakiwa wamejaa, alianguka kando ya tanuri, sahani yake haijaguswa.

"Jina hili limemuua baba," binti alisema. "Na wewe sukari unayo, mama, na bado unangoja wa mwisho. Ukaidi wenu mgumu kama hizo bangili zenu za chuma za dini!"

"Na mrithi wa ukaidi huo ni wewe, mwanangu. Shuka, utavunjika kiuno."

Binti alishuka akilia. Ilikuwa imetoka skrubu moja tu. Aliitia mfukoni. "Nitairudisha siku utakapokula bila kungoja mgeni wa mwisho."

Kesho yake asubuhi mjane alipika dengu, akampakulia mchukuzi aliyeingia wa kwanza. Kisha akachukua sahani ya mumewe, akaketi ubavuni pa mchukuzi, akala polepole, machozi yakidondokea chapati.