Sufuria Iliyorudi na Maji

Sufuria yetu kubwa ilikuwa na sauti yake. Kifuniko chake kilibonyea upande mmoja tulipokuwa tukikimbia kutoka Kivu ya Kusini, mama ameibeba kichwani nami nimeshika kitenge chake, na tangu hapo kila maharage yalipochemka kifuniko kiligonga, kikanyamaza, kisha kikagonga tena kama mtu anayepiga hodi kwa haya. Sauti hiyo ningeitambua hata usingizini. Basi jioni moja niliisikia ikitoka jikoni kwa jirani yetu Mama Sifa, ng'ambo ya ua wa mabua, na harufu ya maharage yenye kitunguu ikaifuata. Kwetu mafiga yalikuwa ya baridi. Mama alikuwa ameketi juu ya mfuko wetu wa safari, umefungwa kamba tayari, na mdogo wangu Amani amelala mapajani mwake. Alisikia nilichosikia. Hakunitazama, nami sikumtazama.

Tulikuwa tunakaa Juru, upande mmoja wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, mahali ambapo mtu huishi kwa maharage na mahindi ya shamba lake na kwa chochote Mungu atakachoongeza. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne. Baba tulikuwa tumemzika Kivu, na mama alilima peke yake kipande tulichopewa nyuma ya nyumba. Kanisa letu lilikuwa la kuta za udongo na paa la turubai, na siku za maombi ya kufunga turubai lile lilipata joto hadi likanuka, tukaimba humo tumboni hamna kitu. Aliyeongoza maombi alikuwa Mama Lea, mwanamke mwembamba mwenye macho ya upole, ambaye Kanisa zima lilimwita nabii. Nataka nimtendee haki: hakuwa tapeli. Hakuomba kitu kwa mtu, na alikuwa akifunga kuliko sisi sote.

Siku moja alinijia katikati ya wimbo, akaniwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa wa moto, nao ulitetemeka. Akasema, "Huyu mutoto Mungu alishamuchagua tangu mu tumbo ya mama yake. Ninamuona anasimama mbele ya batu ba luga mingi. Kwa ajili yake jamaa itavuka maji, mbele ya mahindi kukomaa." Kanisa likapaza sauti. Sifa, binti wa jirani, alikuwa amesimama bega kwa bega nami, tumeshikana mikono kama kawaida yetu, nami nikauachia mkono wake. Sijui kwa nini. Labda nilifikiri mtu aliyeitwa husimama peke yake.

Tulikuwa tumeshafanyiwa mahojiano ya safari ya nje, ya wakimbizi kuhamishiwa nchi za mbali, kama jamaa nyingine nyingi, na kama wao tulikuwa tukingoja bila jibu. Sasa mama aliona jibu limekuja, tena limepitia njia ya juu. Mvua za kwanza zilipoanguka, watu wote wa kijiji walitoka na majembe, na mama akabaki ndani akiimba. Mama Sifa alikuja kumuuliza kama anaumwa. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mama akamjibu, "Kama napanda, si ni kuambia Mungu kama simwamini? Ibrahimu alipanda maharagi kwanza, njo akaondoka?" Mama Sifa akakuna kichwa. "Miye sijue Ibrahimu alipanda nini," alisema, "lakini Sara alipika."

Mama hakucheka. Kutoa ni moyo, na moyo wa mama siku zile ulikuwa umefurika. Kipande chetu akampa mume wa Mama Sifa akilime. Majembe yakaenda kwa wazee wa Kanisa. Sufuria kubwa akampa Mama Sifa mwenyewe, na nguo zangu za kila siku akampa Sifa, kwa kuwa huko tuendako tungepewa nyingine. Mbegu za maharage tulizozihifadhi kwenye majivu tulizipika zote pamoja na kuku wetu, tukafanya karamu ya kuagana, na watu wakala, wakatuombea, wakaniomba mimi mtoto mdogo niwawekee mikono. Niliwawekea. Nilifumba macho kama Mama Lea, nikatetemesha mkono kama yeye. Hadi leo nikikumbuka viganja vyangu vile vidogo juu ya kilemba cha bibi mmoja mgonjwa wa miguu, natamani ardhi inimeze.

Kisha mama alinipeleka mjini Mbarara kushonewa gauni la safari. Kule mtaa wa Kakoba, barazani, alikaa fundi mmoja, mke wa askari wa kambi ya jeshi, aliyezungumza Kiswahili cha kambini. Alinizungushia utepe kifuani, pini zikiwa mdomoni, akauliza, "Mtoto nakwenda wapi na nguo nyeupe hivi? Vumbi ya Nakivale nakula yeye!" Mama akamweleza kila kitu: mkono wa Mama Lea, watu wa lugha nyingi, maji tutakayovuka. Yule mwanamke akatoa pini mdomoni, akasikiliza kwa heshima hadi mwisho. "Kale, sawa, Mungu asifiwe," alisema. Akakanyaga cherehani kidogo, akasimama. "Na hawa ingine ya Nakivale, mama? Hao Mungu hapana ita?"

Aliuliza tu, bila kejeli. Mama alitabasamu kwa mdomo uliofungwa. Njiani kurudi alisema, "Ule mama hajue mambo ya Roho," na hatukulizungumza tena. Lakini mimi lile swali lilinikaa kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Mahindi yakafika magotini, yakafika kifuani, yakachanua. Gari la kutuchukua halikuja. Kila mngurumo barabarani ulimtoa mama mlangoni, na kila mara lilikuwa lori la mkaa au pikipiki ya mtu. Nguo nyingine sikuwa nazo, kwa hiyo nililivaa gauni jeupe lile kwenda kuchota maji, kuokota kuni, kulala. Pindo likawa jekundu kwa udongo, kisha kiuno, kisha lote. Watoto bombani walinipokea kwa vigelegele: "Bibi harusi amefika! Bwana iko wapi?" Sifa alikuwa amevaa gauni langu la zamani la maua. Hakucheka na wenzake. Aliangalia pembeni, na hilo liliniuma kuliko vicheko. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliuacha, tukaugawa, na tukawa tunakutana nao kila siku umevaliwa na jirani.

Wazee wa maombi walikuja kuuliza ni dhambi gani nyumbani mwetu iliyozuia baraka. Mama alifikiri siku nyingi, akatafuta dhambi kama mtu anayetafuta sindano, na asiipate. Mama Lea naye alikuja, lakini peke yake. Alikaa kwenye mkeka, akainama. "Mama Mapendo," alimwambia mama kwa jina langu, "miye niliona. Sasa sijue niliona nini." Mama akampa maji ya kunywa, akamsindikiza hadi njiani. Hakuwahi kumsema vibaya.

Vijisufuria tulivyobaki navyo havikuwa na cha kupika. Jioni ile nilipoisikia sufuria yetu ikigonga ng'ambo ya ua, Amani alikuwa amelia njaa mpaka akapitiwa na usingizi. Mama akasema bila kunitazama, "Uende kwa Mama Sifa. Umwambie tunaazima sufuria."

Hatukuwa na cha kutia ndani yake, na Mama Sifa alilijua hilo kabla sijamaliza sentensi. Nilisimama mlangoni pake na gauni langu jekundu lililowahi kuwa jeupe, nikiomba kuazima kilichokuwa chetu. Hakuniuliza kitu. Aliwapakulia watoto wake, akaacha maharage zaidi ya nusu chini, akafunika. "Uwe unabeba muzuri, iko ya moto," alisema. Usiku huo tulikula. Mama alikula akiwa amegeukia ukutani.

Asubuhi ndipo ilipokuja shida ambayo hakuna aliyeifikiria. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa sombe, yaani kisamvu, katika bakuli, bakuli litarudi na ndizi, au yai, au hata chumvi. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia jirani kwamba undugu umekwisha. Mama aliisugua sufuria kwa mchanga hadi ikang'aa. Akatazama pembe zote za nyumba. Kisha akaichukua hadi kwenye dumu letu, akaijaza maji, akafunika na kile kifuniko kilichobonyea, akanitwika.

Njia ilikuwa fupi sana nami niliomba iwe ndefu. Maji yalimwagika kidogo shingoni mwangu. Uani kwa Mama Sifa madumu yalikuwa yamepangwa ukutani, yamejaa yote hadi shingoni. Sifa alikuwa amechota alfajiri. Mama Sifa alifunua, akaona. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama anavyopokea mtu zawadi kubwa. "Aksanti mingi," alisema kwa sauti yake ile ya kuita ng'ombe, ili mama asikie huko ng'ambo. "Maji ilikuwa inaenda kutuishia!" Na mbele yangu akatafuta chombo kitupu cha kuyamiminia, akakosa, akanywa kata nzima akiwa amesimama, akawanywesha watoto, na yaliyobaki akayamimina katika karai, baada ya kuzitoa humo nguo alizokuwa akifua Sifa. Niliona aibu hadi masikio yakaziba. Nilimwonea aibu mama, nikajionea aibu mimi na mkono niliouachia kanisani, na nikamwonea haya hata Mungu, kwa kuwa nilidhani ndiye aliyetuaibisha.

Tuliishi hivyo hadi mavuno. Sufuria ilikwenda na kurudi, kutoka kwao na kitu, kutoka kwetu na maji. Mama alikwenda kuvuna katika kipande chetu wenyewe kama kibarua, na mume wa Mama Sifa akampa zaidi ya alichovuna. Halafu, kabla ya mvua nyingine, jamaa moja ya kijiji chetu iliitwa kwa safari ya nje. Ilikuwa ya Mama Sifa. Hakuna nabii aliyewahi kumwekea mkono. Alilima hadi siku ya kuamkia safari, na asubuhi ya gari bado moto ulikuwa unawaka jikoni kwake. Alikuja uani kwetu na sufuria kichwani. "Mama Mapendo, sufuria yako hii," alisema. "Unisamehe, nilichelewa kurudisha." Gari lilipoondoka mama alifunua. Ilikuwa imejaa mbegu za maharage, zimepakwa majivu. Hapo ndipo nilipomwona mama akilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu tulipomzika baba.

Leo ninaishi Mbarara, Kakoba, na nauza nguo sokoni. Nawaita wateja kwa Kinyankore, kwa Kiganda, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili cha kila namna. Mama, ambaye bado analima Juru, akija kunitembelea hunitazama nikipiga kelele, kisha hucheka: "Si uko mbele ya batu ba luga mingi?" Namwacha acheke. Uso wangu bado hupata moto. Sufuria ipo jikoni kwangu, na bado inagonga, ingawa kelele za bodaboda huimeza. Majirani zangu wa hapa ni watu wema, lakini vyombo vyangu huvirudisha vitupu, vimeoshwa kwa sabuni yenye harufu nzuri, nami nimezoea.

Jumapili iliyopita, katika Kanisa letu la hapa mjini, mhubiri mgeni alimwekea binti yangu mkono kichwani. Akasema mtoto huyu ameitwa, Mungu ana kusudi naye. Watu wakasema amina. Nami nilisema amina, kwa sababu naamini, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa kushoto wa binti yangu, uliokuwa umeshika mkono wa rafiki yake. Niliona vidole vikianza kulegea. Nikasogea pale mbele ya watu wote, nikaviweka vidole vile mahali pake, nikavifunga kwa kiganja changu. Mhubiri alinitazama. Tuliporudi nyumbani binti yangu aliniuliza ameitwa kufanya nini. Juu ya meza palikuwa na bakuli la jirani, tulilosahau kulirudisha. Nikalijaza maharage, nikamwambia alipeleke kwanza hilo.