Pini Begani kwa Sushila

Nichekeni tu, maana hata mimi bado najicheka.

Tulikuwa wafanyakazi wawili katika nyumba moja ya Aziziya, Jeddah: mimi Mkenya wa usafi, na dada Sushila, mpishi kutoka India. Siku ya Idi madam alimwomba avae sari ili wageni wake, wanawake pekee, waione. Sushila akatoa sari nyekundu ya harusi ya mamake, kitambaa kimoja kirefu kisichoshonwa popote. Akajizungushia, akapanga mikunjo kwa vidole, akatupa ncha begani. Nilibaki mdomo wazi. Yule aliyekuwa akimenya vitunguu asubuhi sasa alikuwa malkia.

"Kwetu mama humwachia binti sari yake," aliniambia. "Na kila upande wa India una namna yake ya kuivaa."

Alipoingia sebuleni, wageni wote walimgeukia. Nami nyuma yake nikaona pini begani. Nikadhani ameisahau, kama fundi anavyosahau sindano kwenye nguo mpya. Nikaichomoa taratibu, nikijiona rafiki wa kweli. Ncha ya sari ikateleza sakafuni, nikaikanyaga, naye akapiga hatua. Mikunjo yote ikafumuka, akabaki na blauzi na sketi ya ndani.

Palepale akaanza kuipanga upya, mkunjo baada ya mkunjo, na wale wanawake wakasogea kutazama. Nami nikasahau kosa langu kwa uzuri ule.

Alipofika begani, akapapasa.

"Pini yangu iko wapi?"

Madam akanitazama, kisha akautazama mkono wangu.

"Grace," akasema, "umeshika nini?"