Tembo wa Tabora Aliyenipeleka Ukweni

Majirani zangu wa Ilomba wanaodhani nilikwenda Iringa kwa mapenzi ya ukweni, leo nawaambia ukweli: nilikwenda kwa ajili ya tembo. Nilikuwa na miaka mitatu katika ndoa, na miaka yote hiyo mke wangu Anjelina, Mhehe wa upande wa Kalenga, alikuwa akiniomba jambo moja tu, niende nikamwamkie bibi yake aliyemlea. Bibi hakuweza kuja kwenye arusi yetu Mbeya kwa sababu ya miguu. Mimi nami sikuweza kwenda kwake kwa sababu ya mitihani, kisha kwa sababu ya mvua, kisha kwa sababu mvua ilikosekana. Mwalimu wa shule ya msingi hakosi sababu.

Tembo ninayemsema ni yule wa rupia kumi na tano za dhahabu, sarafu ambayo Wajerumani waliipiga Tabora wakati wa vita vyao na Waingereza. Upande mmoja una tai, na upande wa pili tembo amesimama mbele ya milima, mkonga juu. Niliishika mara moja nikiwa na miaka tisa, kwetu Tukuyu. Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa Wajerumani hao alinipalilisha kahawa yake siku nzima, jioni akaniwekea sarafu ile kiganjani, akahesabu hadi kumi, akaichukua. Tangu hapo nikawa mkusanyaji wa sarafu. Nilipata hela za Kijerumani zenye tundu katikati, nikapata senti za wafalme wa Kiingereza na rupia za fedha, hata kopo la kahawa likajaa, lakini usingizini alinijia tembo tu. Nimemwota yeye mara nyingi kuliko nilivyomwota Anjelina, jambo ambalo nilifanya kosa kumwambia mwenyewe.

Basi Jumamosi moja, mwaka ambao treni ya Zambia ilikuwa imeanza kupita Mbeya, shemeji yangu Gaudensi, dereva wa lori la mbao, alipita kwetu kunywa chai. Katikati ya maongezi akasema, kama mtu anayesema habari za hali ya hewa, "Juzi nilipita kwa Bibi. Ile sarafu yake ya njano yenye tembo bado anayo."

Niliweka kikombe chini. Anjelina aliendelea kumenya viazi wala hakuinua macho. Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu nikiomba ruhusa ya wiki moja kwenda kumwamkia bibi wa mke wangu, ambaye, nilisema kwa uchungu mkubwa, ni mzee sana.

Mbeya, alfajiri. Kwenye begi nilikuwa na kilo mbili za sukari, sukari ya kupangia foleni, na doti ya khanga. Mfukoni, ndani ya leso, nilikuwa na rupia tatu za fedha nilizokusudia kubadilishana na Bibi, tatu kwa moja, ili asinione mnyonyaji. Anjelina alinisindikiza hadi kituoni huku ameshika kiuno.

"Mwambie Bibi nimeingia mwezi wa saba," akasema.

"Nitamwambia."

Nasikitika kusema kwamba basi lilipoondoka nilikuwa nimeshasahau.

Chimala aliingia mfugaji mmoja mwenye fimbo, wa wale waliotoka kaskazini na kuhamia Usangu na mifugo yao, akaketi kando yangu. Akaniuliza naenda kuangalia ng'ombe gani. Nikamwambia naenda kuangalia tembo.

"Tembo wapo Ruaha, hawapo mjini."

"Huyu ni wa dhahabu."

"Mkubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kifungo cha koti langu. Alikitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwalimu, tembo asiyeweza kumkanyaga mtu huyo si tembo." Aliposhuka Makambako alinitakia afya njema.

Makambako baridi ilipenya hadi kwenye soksi. Nilinunua mahindi ya kuchoma nikayashika kwanza ili kupasha mikono moto kabla ya kuyala. Kutoka hapo hadi Mafinga na misitu yake ya misonobari niliyafanyia mazoezi maneno yangu kwa Bibi. Jua linaelekea kuzama tukapita Ipogolo, basi likaukwea mlima wa Iringa likikohoa, nikalala kwa binamu yake Gaudensi.

Asubuhi ya pili lori la mchanga lilinishusha njia ya Kalenga. Nilimkuta Bibi nje ya nyumba yake, kikongwe mdogo aliyepinda, anachambua maharage kwenye ungo.

"Kamwene, Bibi," nikasema Kihehe changu chote.

"Kamwene, mume wangu," akajibu, maana kwa desturi mume wa mjukuu ni mume wa bibi pia. "Umechelewa miaka mitatu. Nilikuwa karibu kuolewa na mwingine."

Siku hiyo nilichinjiwa jogoo. Kila nilipoanza, "Bibi, nimesikia kwamba una," aliniongezea ugali. Siku iliyofuata waliitwa majirani waje waone Mnyakyusa anavyokunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Walimwona, na walicheka hadi wakashika mbavu, nami sikumbuki sana kwa nini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Bibi alinipa jembe.

"Ukimaliza lile shamba la maharage hadi kwenye mgomba, nitakuonyesha ulichokifuata."

"Nimekuja kukuamkia, Bibi."

"Ndiyo. Palilia."

Nikapalilia. Wanyakyusa tunajua jembe, lakini mikono yangu ilikuwa ya chaki, na mchana malengelenge yakapasuka. Nilikumbuka kahawa ya yule askari, nikajiona mjinga wa kupalilia mara mbili kwa ajili ya tembo mmoja. Hata hivyo niliufikia mgomba.

Bibi akaingia ndani, akatoka na sarafu ikining'inia kwenye uzi wa katani. Ndugu msomaji, ilikuwa imetobolewa. Tundu lilipita juu ya mgongo wa tembo, na tembo mwenyewe alikuwa amesuguliwa hadi mkonga ukabaki kama ukucha.

"Nani ameisugua hivi?" nikauliza.

"Mimi. Kwa majivu na mchanga. Kila mtoto anapozaliwa."

Ndipo akanieleza. Marehemu mumewe, aliyewahi kuwabebea Wajerumani mizigo, alirudi nayo kutoka vitani. Katika ukoo wao mtoto akizaliwa, sarafu ile hutumbukizwa kwenye beseni la maji anayoogeshwa, kila siku, mpaka kitovu kidondoke. Kisha lazima irudi kwa Bibi. Na anayeifuata na kuirudisha ni baba wa mtoto mwenyewe, haitumwi kwa mtu.

Nilifungua leso, nikampangia rupia zangu tatu juu ya ungo. Alizigeuza moja moja, akanirudishia.

"Hizo ni pesa, mume wangu. Hii si pesa. Ama mna mtoto njiani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka ujumbe niliopewa kituoni. Aibu ilinishika, lakini nilisema haraka haraka, "Anjelina ameingia mwezi wa saba," Bibi akanivika sarafu shingoni.

Safari ya kurudi Mbeya sikuona Mafinga wala Makambako. Nilikaa mkono kifuani kama mtu mwenye kiungulia. Nilikuwa na tembo wangu, na nilikuwa na miezi miwili ya kuishi naye. Kila jioni nilimtoa, nikamtazama kwa taa, nikamwomba Mungu mtoto asije na haraka. Nadhani ni mimi baba pekee Ilomba nzima aliyeomba dua hiyo.

Mtoto alikuja wiki mbili kabla ya wakati, wa kike, mwenye sauti ya mpiga mnada. Asubuhi waliporudi kutoka hospitali, jirani yetu Mama Tumaini akaweka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, nami nikaitumbukiza sarafu. Nilikuwa nimekusudia kuangalia dhahabu inavyong'aa majini. Mtoto akarusha mguu, kisigino chake kikakanyaga tembo, kikamfunika mzima. Nikalia. Mama Tumaini akaniuliza kama maji yamenirukia machoni, nikasema ndiyo.

Siku ya sita kitovu kilidondoka. Nikamwambia Anjelina mtoto ana mafua, tungoje. Wiki iliyofuata nikamwambia kuna mitihani. Gaudensi alipopita nikajaribu kumkabidhi sarafu. Si kwamba nilitaka iondoke, ila nilijua akikataa nitakuwa na sababu nyingine.

"Hiyo haipandi lori langu, shemeji."

Anjelina aliniangalia huku ananyonyesha. "Mwalimu, Bibi anaweza kufa akikusubiri," akasema taratibu. Usiku huo nilifunga begi.

Iringa mara ya pili nilimkuta kwa Bibi mwanamume mmoja Mbena wa Njombe, mume wa binamu yake Anjelina, ameegemea jembe, viganja vimechubuka. Nilimhurumia kama ndugu. Nilivua uzi shingoni kwangu na Bibi akamvika yeye, na kusema kweli kifua changu kilihisi baridi.

"Mtoto mmemwita nani?" Bibi akauliza.

"Veronika, jina lako."

"Anafanana na nani?"

"Na wewe."

"Muongo. Kaa ule."

Jioni nilimuuliza kama desturi ile ilianza zamani, kwa babu wa babu. Bibi alicheka hadi akakohoa. "Desturi ni yangu mwenyewe. Nina wajukuu wa kike tisa, wote wameolewa mbali, na waume zao wote wana mitihani. Kila mmoja hutafutiwa chambo chake cha safari ya kwanza, kisha sarafu humrudisha. Anjelina alipomtuma Gaudensi kwako na habari za tembo, nilijua utakuja."

Niliporudi Ilomba nilimuuliza mke wangu kama ni kweli. Aliendelea kumenya viazi.

Nilichojifunza ni kwamba yule mfugaji wa Usangu hakuwahi kumwona tembo wangu, ndiyo maana alikosea: tembo huyo ananikanyaga hadi leo. Watoto sasa ni watatu, na majirani husema Mwalimu anapenda watoto. Siwabishii. Anjelina ameingia mwezi wa tano tena, na jembe langu nimeshalinoa.