Kuku Aliyelijua Somo

Nani alikupima wewe? Swali hilo niliulizwa jikoni, mjini Kitui, na mwanamke aliyekuwa akigeuza mahamri ndani ya karai la mafuta, wala hakuwa na nia mbaya. Nilifungua kinywa nijibu, nikakifunga. Hadi ninapoandika masimulizi haya sijapata jibu ninaloweza kulisema mbele ya watu wazima.

Nilikuwa nimetumwa kuwapima walimu. Chuo ninakofanya kazi kinaendesha kozi ya walimu wa madarasa ya chini, wale wanaowapokea watoto waliokuja shuleni na Kikamba peke yake, wakatakiwa kuwavusha hadi Kiingereza bila kumwacha yeyote njiani. Mwishoni mwa kozi, mtathmini huketi nyuma ya darasa na fomu mapajani, akatazama somo moja, akaamua kama mwalimu atapewa cheti. Mwenzangu anayeshughulikia upande huo alikuwa katika likizo ya uzazi. Walimu wawili walikuwa wamebaki, mmoja Nunguni, mwingine Matinyani. Mkuu wa idara aliniuliza kama ninakijua Kikamba. Nilisema ndiyo.

Ndiyo hiyo inahitaji maelezo. Nililelewa Salama, kwenye barabara ya Mombasa, na wazazi waliotoka Nyeri kuja kuuza nguo za mitumba. Nyumbani tulisema Kikuyu, dukani Kiswahili, shuleni Kiingereza. Kikamba nilichonacho ni cha kununua ndengu na kumjulia hali mgonjwa. Mazungumzo yakivuka mpaka huo, mimi hutabasamu, na kwa miaka mingi tabasamu langu limechukuliwa kuwa ufahamu. Ukurasa wa kwanza wa fomu una kisanduku kinachosema kwamba mtathmini anaielewa lugha ya nyumbani ya wanafunzi. Nilikitia alama ya vyema kwa kalamu ya wino, kabla hata ya kuwasha gari.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Salama, nilikokuwa nimelala kwa mama, nikashika barabara ya kupanda milimani. Kufikia Nunguni nilikuwa nimevaa sweta mbili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya kabeji, na wanawake waliokuwa wakipanga mizigo sokoni walinitazama kwa huruma ambayo watu wa baridi huwa nayo kwa watu wa bondeni.

Mwalimu wa Nunguni aliitwa Mbithi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikawa na makali. Somo lake lilikwenda bila kukwama hata mara moja. Alianza kwa Kikamba, akaingia Kiingereza, akarudi Kikamba, na watoto wakamfuata kila alipogeuka. Nilipotoa kalamu mkobani, darasa zima lilipiga makofi. Niliona ni adabu njema. Nilimpitisha kwa alama za juu, nikanywa chai kwa nduma za kuchemsha, nikapewa parachichi za kujaza buti la gari. Nilishuka mlimani nikijiona mtathmini hodari.

Jumatatu jioni nilifika Kitui kupitia Machakos. Mwenyeji wangu alikuwa Bi Zuhura, mjane anayeuza leso sokoni na kukodisha chumba kimoja cha uani. Alizaliwa Lamu, akaolewa Kitui akiwa msichana, na amekaa huko hadi akawa na wajukuu. Aliposikia nimekuja kupima walimu wa lugha, alinipa chumba, taulo, na onyo.

"Usiwatishe, mwanangu. Mtu akitishwa husahau hata jina la mamake."

Nilimwambia kwamba mimi si mtu wa kutisha.

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa Matinyani. Lango la shule lilikuwa limefagiliwa hadi vumbi likabaki na michirizi kama kitambaa kipya. Alinipokea naibu mwalimu mkuu, Bwana Kilonzo, mtu mnene mwenye tai ya buluu na furaha isiyo na kipimo.

"Karibu sana, Madam! Tumekungoja. Darasa limeiva, ni kupakua tu!"

Nyuma yake alisimama Mwalimu Katunge, mama wa makamo yangu, aliyenishika mkono kwa vidole baridi. Nilikuwa nimesoma faili lake. Hii ilikuwa mara yake ya pili kupimwa, na kanuni za chuo hazina mara ya tatu. Tukitembea kuelekea darasani alinieleza kilichobaki kwa sauti ya chini.

"Madam, nisipopita, muhula ujao naondolewa Gredi ya Kwanza. Nitapewa stoo ya vitabu. Hawa ninaowafundisha, wazazi wao pia ni mimi niliwafundisha kusoma. Sasa stoo nitasomea nani?"

Nilitabasamu, jambo ambalo sasa naona lilikuwa baya zaidi.

Somo lilihusu wanyama wa nyumbani. Katunge alikuwa na kadi nne zenye picha za kuku, ng'ombe, mbuzi na paka, na chini ya meza palikuwa na katoni iliyokuwa ikijisogeza yenyewe. Kabla hajainua kadi ya kwanza, watoto walitangaza kwa Kiingereza, kwa sauti moja, kwamba huyo ni kuku. Jibu lilikuwa sahihi. Lililokosekana lilikuwa swali.

Katunge alishtuka, kadi zikamponyoka, akaziokota bila kuzipanga. Akainua ya mbuzi. Darasa likasema ng'ombe. Akainua ya paka. Darasa likasema mbuzi, kwa imani kubwa. Ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwa wakizitazama picha hata kidogo. Walikuwa wamekariri mpangilio. Aliwauliza jambo kwa Kikamba, nadhani aliwaomba watazame vizuri, nao wakasema paka, kisha wakaimba wimbo, kwa kuwa baada ya paka ulikuwa ni wakati wa wimbo. Wimbo ulipoanza, kuku wa kweli alitoka ndani ya katoni bila kuitwa, akatembea hadi mbele ya ubao, akasimama akiangalia mkono wa mwalimu. Alikuwa akingoja mahindi. Kati yetu sote, ndiye pekee aliyefuata utaratibu hadi mwisho bila kukosea.

Nilikohoa kidogo na kurekebisha miwani. Watoto waliangua kicheko. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mwenye meno mawili yaliyong'oka, alisema jambo kwa Kikamba, na kicheko kikarudi mara mbili. Kengele ilipolia nilimuuliza Katunge mtoto yule amesema nini. Alitazama sakafu.

"Huyo ni Mwende. Amesema… amesema wewe unakohoa vizuri kuliko mgeni wa jana."

"Mgeni wa jana ni nani?"

Mgeni wa jana, na wa Ijumaa kabla ya wikendi, na wa Alhamisi, alikuwa Bwana Kilonzo. Kwa siku tatu za masomo alikuwa ameingia darasa hilo akiwa amevaa tai, akaketi nyuma na daftari, akakohoa, akarekebisha miwani ambayo hana, na kulipitisha somo zima tangu salamu hadi kwaheri. Watoto walikuwa wamenizoea kabla sijafika. Kuku naye alikuwa amekula mahindi ya siku tatu kwa kazi hiyo.

Bwana Kilonzo hakuona haya hata chembe.

"Madam, mgeni atakujaje apate chakula kibichi? Tunapika mapema. Kila shule inafanya hivyo. Hata Nunguni, mwalimu mkuu wao nilisoma naye chuo. Yeye hufanya mazoezi wiki mbili, mpaka makofi!"

Makofi. Nilizikumbuka alama za juu nilizozitoa milimani, na parachichi za kwenye buti zikaanza kuninukia vibaya.

Tulijaribu kumkamata kuku ili Katunge arudi naye nyumbani, lakini aliruka akakaa juu ya ukuta, chini ya bati, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfuata. Aliachwa alale darasani. Niliandika kwa penseli, kwenye nafasi ya matokeo, "Hajafaulu", nikaondoka bila kunywa chai. Katunge alinisindikiza hadi garini akaniaga kwa mikono miwili. Aliniombea safari njema. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Jumanne, baada ya magharibi, niliketi jikoni kwa Bi Zuhura nikamsimulia yote. Alimcheka kuku, akamcheka naibu, kisha akaacha kucheka.

"Na huyo mama, Kikamba na Kiingereza anavijua au havijui?"

"Nadhani anavijua. Lakini somo lilivunjika."

"Lilivunjika la nani?" Aligeuza hamri moja. "Mimi nilipoolewa huku sikujua neno la Kikamba. Nilifunzwa na wateja. Nikisema visivyo wananicheka, naweka moyoni, kesho nasema ndivyo. Hakuna aliyekuja kukaa nyuma yangu na karatasi."

"Sasa utajuaje kwamba umefaulu?"

"Leso zikitoka, nimefaulu. Zikibaki, sijafaulu." Akanitazama juu ya mvuke. "Wewe je? Hicho Kikamba unachokwenda kuwapimia watu, nani alikupima wewe?"

Hapo ndipo kinywa kilipofunguka na kufungwa. Alinisubiri kwa muda wa kutosha, akaniwekea hamri mbili kwenye sahani, akaendelea na kazi yake. Nimesoma chuo kikuu miaka minne, nikaongeza miwili, na sikumbuki mtahini aliyeninyamazisha kwa upole kiasi hicho.

Chumbani nilizitandaza fomu mbili kitandani. Kanuni inasema kila mwalimu apimwe kwa somo lake mwenyewe. Nililisoma sharti hilo mara tatu, kwa kuwa nilikuwa nalitafutia mlango wa kutokea, kumbe lilikuwa ndilo mlango. Somo la Matinyani halikuwa la Katunge, lilikuwa la Bwana Kilonzo, naye hakuomba cheti. Fomu ya Nunguni niliitia katika bahasha yake peke yake. Ningepanda tena mlima ule, safari hii bila kupiga simu. Lakini kwanza Matinyani. Nilichukua kifutio, nikafuta neno nililoliandika, nikalala.

Jumatano, saa moja na dakika hamsini asubuhi, niliegesha gari nje ya lango ambalo halikuwa limefagiliwa. Bwana Kilonzo alikuwa amevaa fulana, akinywa uji.

"Madam! Mbona hukusema? Nipe dakika kumi tu, nichukue tai!"

"Usijisumbue, Mwalimu. Leo mgeni ni mmoja."

Katunge aliponiona mlangoni alishika fremu ya mlango. "Madam, leo sijaandaa kitu. Haki ya Mungu, sina hata kadi."

"Hata mimi sijaandaa," nilimwambia, nikaenda kuketi nyuma.

Alikuwa angali anatafuta chaki wakati kelele zilipozuka pembeni, kwenye katoni ya vifuniko vya soda wanavyohesabia watoto. Kuku alikuwa ameshuka ukutani usiku, akachagua mahali, akataga. Darasa zima lilihamia huko, na Kikamba kikapanda hadi batini. Nilimwona Katunge akiinua mkono awanyamazishe, kisha akaushusha. Akachuchumaa kati yao.

Sijui nikiite nini kilichofuata, kwa sababu fomu haina jina lake. Alilishika yai akawauliza kwa Kikamba, wakajibu kwa Kikamba. Akauliza jambo lile lile kwa Kiingereza, wakakwama. Akampa mmoja yai alishike, na yule mtoto, kwa kuhisi joto lake kiganjani, akalipata neno. Yai likazunguka. Kila aliyelipokea alitakiwa kusema jambo ambalo mwenzake hakulisema, na hakuna aliyejua mwenzake angesema nini, hata kuku. Wengine walikosea. Katunge hakuwarekebisha upesi. Aliwangoja, kama mtu anayemngojea mgonjwa apande ngazi.

Kisha ukazuka ugomvi kuhusu mwenye yai. Kuku ni wa mwalimu, katoni ni ya darasa. Mwende, yule mwenye mapengo, alisimama akatoa hoja ndefu kwa Kikamba, mkono kiunoni, na darasa likashangilia hadi madawati yakasogea. Sikuelewa hata kimoja. Nikatabasamu.

Mwende aliliona tabasamu hilo. Sijui aliona nini ndani yake ambacho watu wazima hawajakiona kwa miaka hii yote, ila alinyamaza, akapita kati ya madawati, akaja akasimama mbele yangu. Akaniambia kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayemvusha mgeni barabara: amesema yai ni lao, kwa sababu kuku amelala nyumbani kwao. Katikati ya sentensi neno lilimpotea. Aligeuka akamtazama mwalimu wake. Katunge alijua neno hilo, nami nilijua kwamba alilijua, lakini aliunganisha midomo yake akamngoja. Mwende alirudi kwangu, akalitafuta, akalipata.

Nilitia wino pale pale, juu ya goti. Kwenye nafasi ya matokeo niliandika "Amefaulu", nikatia sahihi, nikamwonyesha Katunge ukurasa. Alikaa kwenye dawati la mtoto, akalifuata neno hilo kwa kidole, kama wanafunzi wake.

Kisha nikarudi ukurasa wa kwanza, kwenye kile kisanduku. Wino haufutiki, kwa hiyo nilipiga mstari juu ya alama yangu ya vyema, na pembeni nikaandika: "Nilitafsiriwa na Mwende, Gredi ya Kwanza."