Ndoo Sita kwa Kila Nyumba

Mwenyekiti wa wakazi wa mtaa wetu alikuwa mtu wa kuhubiri kubana maji huku wageni wake wakilowa miguu. Mwaka ule mvua ndefu ilipotukosa na mifereji ya Muthangari ikaanza kutoa hewa tupu, alituita kwake tujadiliane. Mkutano ulifanyika juu ya nyasi zake, na nyasi zenyewe zilikuwa zimenyweshwa asubuhi hiyo hiyo. Viatu vyangu vya ngozi viliingia maji. Tulipewa maji ya chupa ya dukani, kila mtu akapiga funda moja na kuiacha chupa chini ya kiti. Mtunza bustani wake, anayerudi Kangemi kwa miguu kila jioni, alikuwa amekatazwa kwenda na hata mtungi mmoja wa maji ya kisima cha mashine cha mwenyekiti. Eti ndiyo kubana maji.

"Majirani, hii drought si mchezo," alisema mwenyekiti. "Lakini tuambiane ukweli. Hizi visima za kuchimbwa na mkono ndio zinatumaliza. Ziwekwe padlock."

Nilicheka kwa sauti, makusudi. Mtaa mzima ulikuwa na kisima kimoja tu cha kuchimbwa kwa mkono, nacho kilikuwa chetu.

Baba yangu na jirani yake, seremala Kalasinga, walikichimba mpakani hasa, nusu ya mdomo upande wetu, nusu upande wao. Ukuta wa mawe ukifika hapo hukatika, kisha huendelea ng'ambo ya pili. Ndani huning'inia kamba ya katani yenye mafundo, jiwe likiwa mwishoni, nawe unahesabu mafundo makavu. Sheria yao ilikuwa hii: fundo la nne likitoka majini, kila nyumba ndoo sita kwa siku, na hakuna kumchunga mwenzako. Wazee wale wamekufa wote wawili. Tulibaki mimi, mtu wa kazi ya ofisi mjini na nyumba kubwa isiyo na mtu mwingine, na mjane wa seremala.

Mtoto wa mama huyo yuko Kanada, na alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kisima kikikauka, nyumba inauzwa na mama anapanda ndege. Mama hakutaka hata kusikia.

"Huko mimi nitafanya nini, niangalie theluji?" aliniambia siku moja, kila mmoja wetu akiwa upande wake wa kisima. "Mzee yangu alichimba hapa. Mimi nakaa hapa."

"Hakitakauka, Mama," nilimwambia. "Nakuahidi."

Fundo la nne lilitoka, nikaanza kuhesabu ndoo. Nilioga kwa beseni, maji ya kuoshea vyombo nikayamwagia sukuma wiki. Hata hivyo fundo la tano likatoka, kisha la sita, kwa haraka ambayo baba hakuwahi kunisimulia. Sikujisumbua kutafuta mchawi. Nilimjua. Kila alfajiri mwenyekiti alitutumia kwenye simu picha ya tone la maji na maneno ya kutuasa, na kila alfajiri nilisikia mashine yake ikinguruma. Nilimdharau kwa kila kitu, kwa kofia yake ya gofu, kwa mkoba wake wa karatasi za mkutano, kwa namna alivyotamka neno "jamii" kama mtu anayelamba asali.

Fundo la nane lilipotoka, ndoo ya mama ikaanza kupanda na tope. Nilikwenda langoni kwa mwenyekiti, nikamwambia mbele ya majirani watatu kwamba yeye ni mnafiki, kwamba anamnyonya mjane ili anyweshee nyasi, na kwamba mwana akimchukua mama yake laana ni yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale njia nzima na yalinitoka vizuri. Nilijisikia raha, sitaficha.

Hakujibu matusi. "Nitakutumia fundi wangu," alisema. "Acheki pampu yako."

Ndiyo, nilikuwa na pampu. Niliifunga miaka miwili kabla ya ukame, ndogo tu, ya kupandisha maji kwenye tangi la juu. Ina boya, tangi likipungua inajiwasha yenyewe. Sikuizima, maana nilijiambia kwamba mtu wa ndoo sita hawezi kupunguza tangi zaidi ya ndoo sita. Fundi hakukaa hata robo saa. Alifungua chumba cha nyuma ambacho sikiingii, akafungua choo chake, akaniita. Maji yalikuwa yakitiririka ndani ya bakuli, membamba, bila sauti. Yalikuwa yakitiririka hivyo kwa miezi. Kelele zote nilizompigia mwenyekiti, nyani haoni kundule.

Mwenyekiti aliandika kwenye kikundi cha simu: "Leak imepatikana. Tuendelee kuconserve." Hakunitaja. Nilimchukia zaidi kwa hilo.

Mtoto wa mama alikuwa amekwisha kufika. Alichungulia kisimani, akaona tope, akanunua tiketi. Nilikwenda kwenye mdomo wa kisima kuungama. Mama alinisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa juu ya ukingo.

"Mimi nilikuwa nasikia pampu," alisema. "Mchana, jioni, kila saa. Nilifikiri uko na wageni."

"Mbona hukuniuliza, Mama?"

"Mgeni ataulizwa maji? Mimi nikachukua ndoo mbili tu. Hizo nne nikakuachia wewe, za wageni."

Tangu matanga ya baba hajalala mgeni katika nyumba yangu.

Mama aliondoka Jumapili. Mvua ilikuja wiki chache baadaye, na sasa maji yamelifunika hata fundo la kwanza. Pampu niliing'oa. Mwenyekiti bado ananyweshea nyasi zake, na bado namdharau, ingawa siku hizi nafanya hivyo kimya kimya. Kila asubuhi nachota ndoo zangu sita kwa mkono. Sita za Mama zimo humo kisimani, na hakuna wa kuzichota.